Kitabu cha biashara kisomwe na daftari mkononi

Wafanyabiashara wa Nakivale wanaoondoka alfajiri kufuata bidhaa Mbarara hawahitaji kufundishwa uthubutu. Wengi wao waliacha nyumba na mashamba, wakaanza upya ugenini na kujifunza lugha ya soko. Leo Mkongo anauziana na Mrundi, Msomali na Mwethiopia, na wote wanauziana na wenyeji wa Ankole. Woga waliuacha njiani zamani. Kinachowaangusha mara nyingi ni hesabu ambayo haikuandikwa.

Miongoni mwa vijana wa makazi hayo na wa mjini Mbarara wapo wanaosoma vitabu vya biashara kwa bidii, vingine nakala zilizochakaa kwa kupita mikono mingi, vingine kwenye simu. Wanataka kuanzisha kampuni changa na kuziongoza. Hamu hiyo ni ya kupongezwa. Lakini kitabu cha biashara kina hatari yake: kinaweza kumfanya msomaji ajisikie tajiri jioni, halafu asubuhi akarudi dukani kufanya yaleyale ya jana. Kitabu cha namna hiyo kitamjenga kiongozi pale tu atakapokisoma na daftari lake la mauzo mkononi, na pale nchi za Afrika Mashariki zitakapohakikisha kuwa elimu hiyo inamfikia kwa lugha anayofanyia biashara.

Duka limekuwa ndilo chungu

Makazi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kama kilomita 60 kutoka Mbarara na si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani Afrika. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inampa mkimbizi nafasi ya kutembea nchini, kufanya kazi na kufungua biashara. Ndiyo maana anayefika kwenye vituo vya biashara kama New Congo hukuta maduka ya rejareja, mashine za kusaga, saluni, mafundi cherehani, mawakala wa pesa za simu na wauza samaki wa Ziwa Nakivale.

Kwa miaka mingi mapato ya duka yalikuwa nyongeza juu ya mgao wa chakula. Hali imebadilika. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na mwaka 2021 punguzo likafikia asilimia 40. Tangu mwaka 2023 mgao umekuwa ukitolewa kwa makundi kulingana na kiwango cha uhitaji, na zipo familia zilizoondolewa kabisa. Ardhi nayo haitoshi kama zamani, kwa kuwa watu wameongezeka na vipande vya kulima vimezidi kuwa vidogo. Kwa familia nyingi, duka lililokuwa kitoweo limekuwa ndilo chungu chenyewe. Likifungwa, watoto wanalala njaa na ada ya shule haipatikani.

Wanaosema kwamba mkimbizi ni mzigo tu kwa nchi inayompokea walipewa jibu mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipochapisha ripoti yao kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, wakiwemo wa Nakivale. Walikuta kwamba kati ya wakimbizi waliohojiwa Kampala, asilimia 21 walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kwamba katika kila waajiriwa 100 wa biashara hizo, 40 walikuwa raia wa Uganda. Kwa hiyo biashara ya mkimbizi inapokufa kwa kukosa hesabu, hasara inafika pia kwa kijana wa Isingiro aliyekuwa akibeba mizigo, kwa dereva wa lori na kwa mwenye stoo Mbarara aliyezoea kumuuzia.

Faida inayoonekana, mtaji unaopotea

Chukulia mfano wa mama anayeuza vitenge. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu, lakini hesabu yake kila mfanyabiashara ataitambua. Anakwenda Mbarara na shilingi 860,000 za Uganda. Ananunua vitenge 20 kwa shilingi 40,000 kila kimoja, jumla 800,000. Nauli, mzigo, ushuru wa soko na makato ya pesa za simu vinamaliza 60,000 zilizobaki. Akirudi anauza kila kitenge kwa 50,000.

Kichwani mwake faida ni 10,000 kwa kila kitenge, yaani 200,000. Hapo ameshakosea, kwa sababu zile 60,000 za safari hazimo. Faida ya kweli ni 140,000. Bado si mbaya. Lakini kati ya vitenge 20, sita amekopesha. Wateja ni majirani, mmoja ana msiba, mwingine anasubiri mavuno. Fedha aliyoshika ni ya vitenge 14, yaani 700,000. Anatoa 100,000 za matumizi ya nyumbani, akiamini kwamba anakula faida na bado ameacha 40,000. Safari ya pili anaondoka na 600,000. Akitoa 60,000 za safari, hawezi kununua zaidi ya vitenge 13.

Mama huyu hajaibiwa wala hajapata ajali. Bidhaa zake zinapendwa na anapata faida kwa kila kipande. Hata hivyo, kutoka safari moja hadi nyingine mzigo wake umeshuka kutoka vitenge 20 hadi 13. Shilingi 300,000 ziko mikononi mwa wateja, na kama hakuziandika kwa jina, kiasi na tarehe, baada ya miezi miwili hakuna atakayezikumbuka sawasawa, si mdai wala mdaiwa. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hili ndilo somo ambalo vitabu vikubwa vya biashara hulieleza kwa sura nzima, kwamba faida na fedha mkononi ni vitu viwili. Kampuni inaweza kupata faida kwenye karatasi na kufa kwa kukosa fedha ya kununulia mzigo unaofuata. Msomaji anayeipitia sura hiyo bila kufungua daftari lake atatikisa kichwa kukubali na kugeuza ukurasa. Anayeisoma na daftari pembeni ataona majina ya wadaiwa wake na kiasi cha mtaji kilichokwama kwao. Hapo atalazimika kuamua: apunguze kukopesha, adai malipo ya awali, au aweke kiwango ambacho deni la wateja wote kwa pamoja halitakivuka.

Vitabu vinavyofaa na namna ya kuvipima

Mwaka 2011 Mmarekani Eric Ries alitoa kitabu kiitwacho The Lean Startup, ambacho kimewaathiri wanaoanzisha kampuni duniani kote. Chanzo chake kilikuwa kosa. Yeye na wenzake katika kampuni ya IMVU walitumia takriban miezi sita kutengeneza programu ya mawasiliano, wakiamini wanajua mteja anataka nini. Walipoiweka hadharani, watu hawakuitaka jinsi walivyotarajia, na kazi nyingi ikatupwa. Kutokana na hilo alifundisha kwamba mwenye kampuni changa atengeneze kitu kidogo, akiweke mbele ya mteja, apime, ajifunze, kisha ndipo aongeze.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani maneno haya si mageni. Mwenye busara hanunui magunia 50 ya maharage kutoka kwa mkulima asiyemjua kabla ya kujaribu matano. Habebi marobota ya mitumba kabla ya kujua kama wateja wake wanataka viatu au mashati. Kinachokosekana kwake ni kupima na kuandika. Alijaribu magunia matano, lakini hakuandika mangapi yaliuzwa wiki ya kwanza, kwa bei gani, na kilo ngapi zilipungua kwenye mizani. Matokeo yake jaribio linabaki kuwa kumbukumbu, nayo kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Kitabu cha Ries hakimpi mfanyabiashara huyu wazo jipya. Kinampa nidhamu ya kulifuata wazo alilonalo hadi mwisho.

Wakati huohuo ni lazima kuvisoma vitabu hivi kwa tahadhari, maana vingi huandikwa na walioshinda au huhusu walioshinda. Mwaka 2001 Jim Collins alitoa Good to Great, kitabu kilichochambua kampuni 11 za Marekani zilizopiga hatua kubwa, na mameneja wa nchi nyingi wakakifanya mwongozo. Mojawapo ya kampuni hizo, Circuit City, iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 2008 na mwaka uliofuata ikafunga maduka yake. Nyingine, Fannie Mae, iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali mwaka huohuo wa 2008. Kitabu hicho bado kina mambo ya kufundisha. Lakini kilichoandikwa juu ya mshindi ni habari ya siku aliyoshinda, na soko halisubiri kitabu kichapishwe upya.

Karibu zaidi na nyumbani wapo walioandika maisha yao. Reginald Mengi wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2019, alitoa kitabu chake I Can, I Must, I Will mwaka 2018. Humo yumo mhasibu aliyeanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake katika miaka ambayo kalamu zilikuwa adimu madukani, kabla ya kundi la kampuni za IPP kujulikana. Gordon Wavamunno, mfanyabiashara mwenye asili ya upande huohuo wa Mbarara na mwenye kampuni ya Spear Motors, alieleza safari yake katika The Story of an Entrepreneur mwaka 2000. Vitabu vya namna hii vinamsaidia kijana wa Mbarara au Nakivale kwa sababu mazingira yake yamo: uhaba wa bidhaa, misukosuko ya kisiasa, fedha za kigeni zisizopatikana.

Hata hivi vya nyumbani navyo vipimwe. Mengi alikuwa mhasibu wa kitaaluma kabla ya kuwa mfanyabiashara. Msomaji anayekumbuka kalamu na kusahau uhasibu ameiacha nusu ya habari, na pengine nusu iliyo kubwa.

Likelemba ya kusoma

Njia ya kusoma kwa manufaa tayari iko mikononi mwa watu wa Nakivale. Wakongo wana likelemba, Wasomali wana ayuuto, Wanyarwanda wana ikimina, Watanzania wana upatu na vikundi vya VICOBA. Yote hayo ni mambo ya watu wanaoaminiana, wanaokutana kwa siku maalumu, kila mmoja akija na chake mkononi. Asiyeleta anaulizwa. Utaratibu huohuo unaweza kubeba kitabu.

Watu wanane au kumi wanatosha. Kila wiki wasome sura moja, na anayejua lugha ya kitabu awaeleze wenzake kwa Kiswahili. Kisha kila mmoja afungue daftari lake lenye safu nne tu: kilichonunuliwa, kilichouzwa kwa fedha taslimu, kilichokopeshwa, na kilichotolewa kwa matumizi ya nyumbani. Swali la wiki liwe moja na litoke kwenye sura iliyosomwa. Kama sura ilihusu wateja, kila mmoja ataje wateja watatu waliorudi na wawili walioacha kuja. Kama ilihusu bei, kila mmoja aonyeshe bidhaa moja ambayo, akishatoa gharama zote, inamtia hasara. Wiki inayofuata kila mmoja aeleze alichobadilisha na matokeo yake kwa tarakimu.

Kikundi cha namna hiyo hakihitaji mfadhili wala jengo. Kinachohitajika ni ukweli, kwa kuwa si rahisi kumwonyesha jirani hasara yako. Ndiyo sababu kinafaa kuanzia pale ambapo watu wamezoea kuaminiana fedha. Nakivale pia imeshaonyesha kwamba vijana wakimbizi wanaweza kujiundia mahali pa kujifunzia: Opportunigee, iliyoanzishwa na wakimbizi ndani ya makazi hayo kwa kufuata mtindo wa Social Innovation Academy ya Mpigi, imekuwa ikiwasaidia wenzao kugeuza mawazo kuwa miradi.

Kiongozi na mshirika wa ng'ambo ya mpaka

Neno kiongozi linapendwa mno katika vitabu vya biashara. Sokoni kipimo chake ni rahisi. Mwenye duka akiugua malaria siku tano, je, duka litafunguliwa? Bei zitajulikana? Madeni yatadaiwa? Mauzo ya siku hizo yatafika salama? Kama majibu yote yako kichwani mwake, basi duka linaugua pamoja naye. Kuongoza kunaanza pale biashara inapoandikwa kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuiendesha kwa haki bila kumpigia simu mwenyewe kila saa.

Kwa mfanyabiashara mkimbizi jambo hili lina uzito zaidi mpakani. Raia wa Uganda anaweza kwenda mwenyewe Mutukula au Kikagati kuonana na muuzaji wa Tanzania. Mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, na nchi aliyoikimbia hawezi kurudi kwa urahisi hata kama ndiko liliko soko analolijua. Kwa hiyo biashara yake ya ng'ambo inapita kwa mshirika: dereva, ndugu, wakala au rafiki raia. Biashara nyingi za namna hii huanza kwa uaminifu na kuvunjika kwa maneno. Mmoja anasema alituma magunia 30, mwenzake anasema alipokea 28. Mmoja anaamini mzigo ulikuwa wa ubia, mwingine anaamini ulikuwa mali kauli, wa kuuza kwanza na kulipa baadaye. Karatasi moja yenye sahihi mbili, idadi, uzito, bei na siku ya malipo ingeokoa fedha, na pengine undugu pia.

Karatasi hiyo ina faida nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ambapo mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na uliomo kwenye orodha inayokubalika, unaweza kupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kodi nyingine na ukaguzi wa afya na ubora vinabaki palepale, na bidhaa zilizotoka nje ya Jumuiya, kama vitenge vya viwanda vya Asia, haziingii humo. Lakini mahindi, maharage na mazao mengine ya eneo hili yanaweza kunufaika. Mfanyabiashara mwenye rekodi ya wapi alinunua na kwa bei gani anaingia kwenye dirisha la forodha akiwa na hoja. Asiye nayo anaingia na maelezo, na maelezo marefu mpakani huwanufaisha madalali.

Lugha ya daftari

Kikwazo kikubwa kwa msomaji wa Nakivale ni lugha. Vitabu vyote vilivyotajwa hapa viliandikwa kwa Kiingereza. Mkongo na Mrundi wengi walisoma kwa Kifaransa. Msomali na Mwethiopia walisoma kwa lugha zao. Mwenyeji wa Mbarara anazungumza Kinyankore nyumbani. Wanapokutana wote kubishania bei ya gunia, lugha inayowapatanisha mara nyingi ni Kiswahili, hata kama kila mmoja anakitamka kwa lahaja yake. Ni jambo la ajabu kwamba lugha inayotosha kufunga biashara ya mamilioni bado haijapewa vitabu vya kutosha vya kufundishia biashara hiyo.

Viongozi wameshasema yao. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mwezi huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya, na Somalia ikafuata mwaka 2024. Maana yake ni kwamba Mkongo na Msomali wanaouziana Nakivale sasa wote ni watu wa nchi wanachama. Soko lao lilikuwa la Afrika Mashariki kabla mikataba haijatiwa sahihi. Kilichobaki ni maamuzi ya mikutanoni kufika kwenye meza ya muuza duka katika umbo la kitabu chepesi, chenye hesabu za gunia na debe, nauli na ushuru.

Historia inatoa mfano mzuri. Mwaka 1494 Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hesabu, alichapisha mjini Venice kitabu kilichoeleza namna ya kuweka hesabu kwa kuandika kila muamala pande mbili. Hakuubuni utaratibu huo. Aliukuta kwa wafanyabiashara wa mji huo, akauandika kwa mpangilio, na wahasibu wa dunia nzima wanauendeleza hadi leo. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki nao wana utaratibu wao wa kukopeshana, kutumiana fedha, kugawana hatari ya safari na kupatana bila mahakama. Nao unahitaji mtu wa kuuandika.

Wanaopaswa kuchukua hatua

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuongoza utayarishaji wa mwongozo mmoja mfupi wa biashara ndogo ya mpakani kwa Kiswahili, wenye istilahi zinazoeleweka Goma, Mbarara, Bukoba na Bujumbura. Usiandikwe na wataalamu wa lugha peke yao. Wawepo wahasibu, maofisa wa forodha na, zaidi ya wote, wafanyabiashara wenyewe.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina wanafunzi wa biashara umbali wa safari fupi tu kutoka Nakivale. Wakipelekwa kukaa na wenye maduka kwa muhula mmoja, mwanafunzi akisaidia kupanga daftari na mwenye duka akimfundisha soko, pande zote mbili zitapata elimu ambayo haimo darasani. Maandishi yatakayotokana na kazi hiyo yatakuwa mwanzo wa vitabu vya hapa.

Taasisi za fedha nazo zina sehemu yao. UGAFODE ilifungua tawi ndani ya Nakivale mwaka 2020, hatua iliyoonyesha kwamba mkimbizi anaweza kuwa mteja wa mkopo. Hatua inayofuata ni taasisi zote zinazokopesha kulitambua daftari lililowekwa vizuri kwa miezi sita au kumi na miwili kuwa ushahidi wa uwezo wa kulipa. Mkimbizi hana hati ya shamba wala nyumba ya kuweka rehani. Daftari ndilo hati yake. Likipewa thamani kwenye dirisha la mkopo, litaandikwa kwa makini bila kuhitaji semina.

Serikali za nchi wanachama ziweke maelezo ya cheti rahisi cha uasili, orodha ya bidhaa na viwango vya kodi kwa Kiswahili kwenye kila kituo cha mpakani, kwa maandishi makubwa, mahali ambapo mtu anayasoma kabla ya kufika dirishani. Jambo hili ni la gharama ndogo, na faida yake ingeonekana mapema.

Wafanyabiashara wenyewe wasisubiri yote hayo yatimie. Daftari la shule la kurasa 96 linauzwa kila duka la Nakivale na Mbarara. Kabla ya kununua kitabu cha kumfundisha namna ya kuongoza kampuni, mfanyabiashara anunue hilo kwanza, aandike mtaji alionao leo, madeni anayodai na anayodaiwa, na mauzo ya kila siku kwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, ndipo afungue kitabu, cha Ries au cha Mengi au chochote kitakachomfikia. Atakuwa na la kukiuliza.